Mzee Nzioki Anaweka Pasi Chini, Sweta Inabaki Msumarini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutafuta chawa kwenye pindo za nguo za watu, Mzee Nzioki wa kitengo chetu cha ufuatiliaji wa magonjwa anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu wa Juni. Siku hiyo atakabidhi kitambulisho cha kazi, funguo za stoo na pasi mbili, moja ya stima na moja ya makaa. Kuna kitu kimoja ambacho hataki kukikabidhi, nacho ni sweta ya shule ya rangi ya maruni inayoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi yetu hapa Thika, mwaka wa sita huu. Sweta si yake. Aliapa kwamba mwenyewe ataipata kabla yeye hajastaafu, na sasa siku zimemwishia.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Apiyo wa maabara, kazi ya kuandika ukurasa huu wa jarida kwa sababu meza zetu zinagusana. Ni kweli zinagusana. Nimevumilia mluzi wake wa nyimbo za kanisa tangu nilipoajiriwa, wimbo mmoja wiki nzima, na kila mara anakatia palepale kwenye kiitikio kwa sababu hajui sauti ya juu. Nilipomwuliza anataka niandike nini, aliniambia nisimsifu sana, watu watadhani amekufa. Halafu alisema niandike habari ya sweta, yote, pamoja na pale alipokosea, la sivyo niache ukurasa mtupu. Jarida hili linasomwa katika kila zahanati kutoka Ruiru hadi huku kwetu, alisema, na huenda msomaji mmoja akawa amemwona mwenye sweta. Basi naandika kama nilivyoagizwa.

Mzee Nzioki alizaliwa Yatta, akasomea afya ya umma, akapangiwa Thika akiwa kijana mwembamba mwenye suruali iliyonyooka mstari mbele. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya kukagua hoteli na vichinjio, kazi ambayo mtu hakosi mfupa wa supu. Aliiacha kwa hiari yake. Ulikuwa mwezi wa Julai, ule wa baridi kali, na watu wanaolala kwenye varanda za maduka walianza kushikwa na homa inayopanda, inapoa, halafu baada ya siku kadhaa inarudi kama vile haikuondoka. Kila mtu alisema malaria. Daktari aliyekuwa mkuu wetu wakati huo akapima damu akasema hapana, hii ni homa ya kujirudia, na inaletwa na chawa. Akauliza mkutanoni ni nani atakwenda kukagua nguo za wale watu. Inasemekana ofisi nzima iliangalia dari. Nzioki akainua mkono, na mpaka leo anaeleza kwamba aliinua kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kupiga pasi.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana hata jamaa wa uhasibu humu ndani bado wananikwepa kwenye foleni ya chai. Chawa wa mwili si wale wa kichwani wanaopeana watoto wa shule. Hawa wanaishi kwenye nguo, ndani ya pindo na mishono, wanashuka mwilini kula halafu wanarudi zao. Kwa hiyo wanampata mtu asiye na nguo ya kubadilisha. Wakitoka kwa mgonjwa wakahamia kwa jirani waliyelala bega kwa bega, na jirani akajikuna akamponda mmoja, ugonjwa unaingilia kwenye ngozi iliyochubuka. Sisi kazi yetu ni kujua mapema. Tunaomba nguo, tunapekua pindo, tunaokota chawa kwa kibano na kuwatia kwenye vichupa, na mimi maabara naangalia wamebeba nini. Nguo yenyewe tunaichemsha, kisha inapigwa pasi moto kwenye kila mshono hadi mayai yaishe.

Ugumu uko kwenye kuomba nguo. Mwenye nguo moja utamwambiaje akuvulie? Zamani nguo hizo zilichomwa moto na mtu akapewa nyingine ya msaada, na watu walikuwa wakiona gari letu wanatimua mbio. Nzioki alikataa kuchoma. Alisema lile koti bovu unaloliona wewe, mwenzako amelala nalo miaka kumi, na ndani yake kuna mambo yake. Akaweka utaratibu wake: ukimpa nguo asubuhi, anakuvalisha koti lake la kazi la bluu, na jioni ileile anakurudishia nguo yako ikiwa safi, imenyooka, imekunjwa. Makoti hayo ya bluu alikuwa nayo mengi, kila moja likiwa limeshonwa jina NZIOKI kwa uzi mwekundu mfukoni, kazi ya mkewe. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyempa nguo asirudishiwe, isipokuwa mtu mmoja.

Ile pasi ya makaa imetembea kuliko baadhi yetu. Ameiwasha Makongeni, Witeithie, Juja nyuma ya majengo ya wanafunzi, na Gatongora, upande wa Ruiru, kwenye mijengo ambako vibarua wanalala chumba kimoja kama viazi kwenye gunia. Akishaanza kupiga pasi, watu wasio na chawa wowote nao wanapanga foleni na nguo zao za Jumapili. Siku moja Juja alinyoosha suti ya bwana harusi, na bwana harusi mwenyewe akamsimamia akimhimiza kwamba wazee wameshafika kanisani.

Mimi hakunifundisha kwa urahisi. Junaid, dereva wetu, aliniamini na kanzu yake ya arusi nikamwachia alama ya pasi mgongoni, pembetatu kamili, rangi ya chai. Alioa akiwa amevaa koti juu yake, jua likiwaka. Tangu siku hiyo Mzee Nzioki alinipiga marufuku kugusa pasi yoyote, na kila nikiikaribia anaita Junaid aje ashuhudie.

Halafu kuna ule mkutano wa Witeithie ambapo alieleza kwa ufasaha mkubwa kuhusu tifasi, homa nyingine inayoletwa na chawa, na kina mama wakasikia taifodi. Tuliporudi wiki iliyofuata kila boma lilikuwa linachemsha maji ya kunywa. Mwingine angekasirika. Yeye aliwapongeza, akawaambia wasiache, ila maji yakishachemka na nguo nazo zitumbukizwe. Mzee mmoja aliuliza kama basi wanywe hayo yenye nguo ndani. Nzioki alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mzee Nzioki hakuwa akisema chawa. Aliona ni vibaya kumsimamia mtu mzima mbele ya wenzake na kumwambia ana chawa. Badala yake alisema wageni. Mama, naona tuna wageni. Mzee, hawa wageni wako tutawatoa leo. Mtu anatabasamu, anavua koti bila aibu, kazi inaendelea. Sisi wote tukaiga. Kwenye simu, kwenye gari, hata kwenye ripoti za haraka, chawa wakawa wageni.

Neno hilo liliwahi kutulisha vizuri. Becky alikuwa ndio kwanza ameajiriwa mapokezi, na hakuna aliyemfahamisha. Nzioki akapiga simu kutoka Witeithie kwamba amepata wageni wengi ajabu na yuko njiani kuja nao ofisini. Becky akauliza ni wangapi. Akajibiwa kwamba hawahesabiki. Woi! Yule msichana alitikisa ofisi nzima. Viti vya plastiki vikaazimwa kanisani, chapati na ndengu zikaagizwa, soda zikapangwa mezani na maua katikati. Mkuu wa kitengo akavaa tai. Saa saba Nzioki akaingia peke yake akiwa amekumbatia gunia lililofungwa kamba mara tatu. Chapati tulikula, na Becky alikaa mwezi mzima bila kumsalimia.

Nimeisimulia hiyo kwanza kwa sababu nataka mcheke nasi kabla sijasimulia hii nyingine. Neno ni lilelile.

Karibu na soko hapa Thika kulikuwa na mama mmoja aliyelala kwenye varanda ya duka la mbegu. Sote tulimwita Mama Wanja. Alikuwa mtu wa adabu zake. Alfajiri aliifagia ile varanda mwenyewe kabla mwenye duka hajafika, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza. Alikuwa amekuja Thika kutafuta vibarua vya mashambani, akaugua, kazi ikaisha, na aibu ikamzuia kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto wake Wanja alikuwa amemwacha kwa shangazi Gatongora, darasa la sita. Sweta ya maruni ilikuwa ya Wanja. Ilikuwa na mstari wa kijani shingoni, viwiko vimetoboka, na kimoja kina kiraka cha kitambaa cha maua. Ilimbana hata mikono haifiki, lakini aliivaa juu ya gauni kila siku ya Mungu.

Ali, anayeuza kahawa kwenye kona ile, alikuwa akimmiminia kikombe kila asubuhi. Mama Wanja alikuwa na vikombe viwili. Cha pili alikiweka kimefunikwa chini na hakukubali kitiliwe kitu. Ali akimtania amwongezee kahawa humo, alijibiwa kwamba hicho ni cha wageni wake, wanakuja. Aliwangojea hivyo miaka na miaka. Ali alijua kuwa mgeni mwenyewe ni Wanja wa Gatongora. Nzioki hakujua, kwa sababu yeye alikuwa akifika saa ambazo vikombe vimeshaoshwa na kufichwa.

Mzee alimbembeleza kwa misimu miwili ndipo akakubali kuvua ile sweta. Alimwapia kwamba jioni ataivaa tena. Akamvisha koti la bluu, akaniletea sweta maabara, yeye na Junaid wakaenda zao Gatongora kukagua vibarua wa mijengo. Nilipopekua pindo nikashtuka. Walikuwa wengi mno kwenye mshono wa kwapa, na nilijua damu ya yule mama ilipaswa kupimwa siku hiyohiyo. Nikampigia Nzioki. Mama Wanja hakuwa na simu, kwa hiyo Nzioki akampigia Ali akiwa hukohuko Gatongora. Alisema maneno machache tu, kwamba amwambie Mama Wanja ana wageni, tena wengi, na amsubiri palepale.

Ali aliacha birika kwenye jiko akakimbia. Amenieleza mwenyewe jinsi alivyopiga kelele tangu ng'ambo ya barabara: Mama Wanja, Nzioki amepiga simu kutoka Gatongora! Una wageni! Yule mama alisimama. Neno la kusubiri hakulisikia, maana alikuwa ameshaanza kunawa uso. Alimwomba Ali kitana. Ali, kwa furaha, akampeleka stendi mwenyewe, akamlipia nauli ya Ruiru na kumwambia utingo amshushe salama kwa sababu anakwenda kumwona mtoto wake. Jamani, huyo Ali hana kosa lolote. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Jioni Nzioki alirudi, akachemsha sweta, akainyoosha huku kitambaa chenye maji kikiwa juu yake ili sufu isiungue, akaikunja na kuipeleka sokoni. Mimi nilikuwa naye na vifaa vya kupimia damu. Ali alitupokea kwa mikono miwili, akamwombea Nzioki kwa Mungu, akasema wageni wa Mama Wanja hatimaye wamefika na yeye ameshakwenda kuwapokea. Mzee alicheka kwanza. Alidhani anataniwa habari ya chawa. Kisha akamwuliza Ali amekwenda wapi, na Ali alipotaja Gatongora nikaona uso wa Mzee umebadilika. Aliketi kwenye ngazi ya lile duka na sweta mapajani.

Junaid aligeuza gari palepale tukaenda Ruiru, na kesho yake tukaenda tena. Muuza ndizi wa stendi alimkumbuka mama wa koti la bluu aliyeulizia boma lenye geti la mbao mwisho wa shamba la kahawa. Lakini kahawa ile ilikuwa imeng'olewa zamani, na mahali pake pamejaa magorofa ya kupangisha. Mwenye kioski alisema alimwona akizunguka kati ya hayo magorofa akisoma mageti moja moja. Baada ya wiki chache, Kulthum anayeuza viazi karai pale Witeithie alimpa chakula mama wa koti la bluu. Alisema alikuwa amekonda ila anatembea vizuri, na alishukuru sana, na alikataa kukaa kwa sababu alikuwa na wageni wanaomtafuta. Huko ndiko habari zake zilikoishia.

Na matokeo ya maabara yalikuja mabaya. Chawa wa ile sweta walikuwa wamebeba homa ya kujirudia. Tuliwapima watu wote wa varanda zile, tukawatibu wagonjwa, na hakufa hata mmoja. Mkuu wetu alisema bila sweta ile tungechelewa na tungezika. Msimu ule unatajwa kama ushindi mkubwa wa Mzee Nzioki, na kuna cheti chake ukutani. Cheti hicho hajawahi kukitazama mbele yangu. Mtu pekee ambaye hatukumpa dawa ni yule aliyetupatia sweta.

Toka siku ile Mzee hasemi wageni. Anasema chawa, waziwazi, mbele ya mtu yeyote. Vijana waliokuja juzi wanamwona mkali, wanadhani ndivyo alivyo. Sikuwahi kuwaeleza. Mnisamehe, lakini natamani sana lile neno lake la zamani, na natamani jinsi watu walivyokuwa wakitabasamu akilisema.

Msidhani alikaa akihuzunika. Aliamua kwamba kama mama haonekani, basi atamtafuta mgeni. Hakuwa na jina zaidi ya Wanja, na mnajua akina Wanja walivyo wengi Gatongora. Jumamosi zake zikawa za huko. Alitangaza katika makanisa, alisimama msikitini Ruiru baada ya swala akiwa na Junaid, aliuliza shuleni, saluni, kwenye mashine za kusaga. Alipata Wanja muuza mayai, Wanja askari wa geti, Wanja mwenye mama yake mzima aliyetoka nje kumwuliza anamtakia nini bintiye. Mke wa Mzee alianza kuuliza kwa utani ni Wanja yupi huyo asiyempa raha.

Aliyetafutwa alikuja mwenyewe. Alisikia tangazo kanisani, akaja Thika siku ya Ijumaa, mwanamke wa makamo kidogo, fundi wa cherehani, na futi ya kupimia bado iko shingoni. Alipofunga mlango wa ofisi nyuma yake akaiona sweta. Aligeuza kiwiko, akashika kile kiraka cha maua, akacheka, akasema ni pazia la shangazi na alichapwa kwa kulikata. Baadaye ndipo alipolia. Alitueleza kwamba alipoanza kujitegemea aliwahi kuja hapahapa sokoni kumtafuta mama yake. Aliulizia Waruguru, maana hilo ndilo jina lake. Watu wote walimwambia hakuna Waruguru hapa. Hakuna aliyemjua Waruguru. Walimjua Mama Wanja, na Wanja mwenyewe hakufikiria kumwulizia mama yake kwa jina hilo.

Nzioki alimwomba msamaha akiwa amesimama, kofia mkononi. Alimweleza habari ya neno lile bila kujitetea. Wanja alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba yeye amekaa miaka yote akidhani mama hakumtaka, na sasa anajua kuwa kwa kusikia jina la Gatongora tu alinawa uso akaondoka mbio. Alisema hilo asingelijua popote pengine. Mzee alimpa sweta, naye akaikataa. Ibaki kwenye msumari, alisema, kwa sababu mama anajua aliiacha kwa nani, na siku akija kuichukua asiikose.

Ni miaka mitatu sasa, na Wanja anakuja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Analeta chapati, na Becky anapanga viti bila kuulizwa. Kwanza hupitia kwa Ali, ambaye ametunza vile vikombe viwili. Ali humtilia kahawa kwenye kile cha wageni, na kingine hukiacha kimefunikwa. Mzee Nzioki huishusha sweta siku hiyo, akaichemsha ingawa haina hata vumbi, akainyoosha kwa kitambaa chenye maji, akairudisha. Wanja humtazama akifanya hivyo. Sisi wakati huo tunajitafutia kazi za nje.

Ijumaa iliyopita ilikuwa ya mwisho kwake akiwa kazini. Alishusha sweta, akawasha pasi, akaweka kitambaa, akasimama. Kisha akanisukumia pasi mimi. Junaid alikuwepo na hakutania. Jamani, nilifikiria ile pembetatu ya kanzu, nikapita kwenye mikono, nikapita shingoni kwenye ule mstari wa kijani, nikapita polepole sana kwenye kiraka. Mzee alikagua kila mshono akiwa ameivuta miwani puani. Akasema kwapani nimeacha kikunyanzi. Nikarudia. Akaipokea, akaitundika mwenyewe kwenye msumari.

Mzee Nzioki, ulitufundisha kuomba nguo ya mtu kwa heshima na kuirudisha kwa heshima. Asante kwa kila pindo. Asante kwa mkeo aliyeshona jina lako kwa uzi mwekundu, na ambaye sasa atakuwa nawe Jumamosi pia, akikubali. Nenda Yatta ukapumzike, ulime mbaazi zako, upige mluzi hadi uipate ile sauti ya juu. Meza yako nitaiangalia na sijui nitazoeaje kimya chake. Afya njema, usingizi mwema, na kila baraka iwe kwako na nyumba yako. Kuhusu sweta usiwe na shaka, nimeshajua kutumia kitambaa chenye maji.

Na wewe unayesoma hapa zahanati ukingoja zamu yako, tusaidie. Ni mama wa umri wa miaka sitini hivi, mpole, anayependa kufagia. Huenda bado ana koti la bluu lenye jina NZIOKI mfukoni kwa uzi mwekundu. Ukimwita Waruguru anaweza asigeuke, kwa hiyo mwite Mama Wanja. Mlete Thika Ijumaa yoyote ya mwisho wa mwezi. Usimwambie habari ya sweta wala ya dawa, hayo tutamwambia wenyewe. Mwambie tu kwamba ana wageni, na kwamba mara hii ni kweli.